Kulipwa kwa Kungoja: Barua kutoka Lubumbashi

Mpwa wangu,

Mvua zimeanza, umeme unakuja na kuondoka upendavyo, na bukari (ugali wa huku) kwa sombe (kisamvu) bado ndicho chakula cha mchana cha ofisi nzima. Ujumbe wako nimeupata. Umepata kazi yenye kiti kizuri na kiyoyozi, ila kazi yenyewe haionekani: barua pepe mbili asubuhi, simu moja jioni, na katikati unatazama saa ya ukutani. Unauliza: mjomba, mbona nachoka kuliko nilipokuwa nauza kwenye duka la mama kutwa nzima, na huo muda niufanyeje?

Mtu wa kuulizwa umempata, maana kazi yangu mimi ni kungoja. Magari yetu yanabeba shaba kutoka migodini, yanashuka mpakani Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, yanakatisha Zambia, yanatokea Tunduma hadi bandari ya Dar. Mimi nashughulikia makaratasi. Saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa saa moja, kwa hiyo nikifungua ofisi saa mbili, Dar ni saa tatu na wameshanijazia maswali. Mpaka saa nne mikono haipumziki. Baada ya hapo faili ziko forodhani, madereva wako kwenye foleni mpakani, nami nimebaki na simu mezani. Jioni ni hivyo hivyo: saa kumi yangu ni saa kumi na moja yenu, Dar wameshafunga na kwenda kugombania daladala, mimi bado nina saa nzima.

Kwanza jua ukimya wako ni wa aina gani. Kuna ukimya wa kungoja, ambapo kazi ipo ila kwa sasa iko mikononi mwa mtu mwingine. Na kuna ukimya wa kukosa kazi. Huu wa pili ni hatari, kwa sababu siku mwenye ofisi atakapokaa na mhasibu wake kupunguza gharama, kiti hicho ndicho kitakachoonekana mapema. Ukijikuta humo usitafute kitabu, tafuta kazi. Sogea meza ya jirani, mwombe akuonyeshe anavyofunga hesabu za mwezi. Hatakukatalia, watu wengi wanapenda kueleza kazi zao, wanakosa wa kuwauliza.

Kama ukimya wako ni wa kungoja, ujue kwamba muda huo hauji mzima. Unakuja vipande vipande: dakika ishirini, simu ikalia, nusu saa, mkuu akaita. Kwa hiyo chagua jambo linalovumilia kukatizwa. Filamu haivumilii. Ukurasa mmoja wa kitabu unavumilia, aya moja ya kuandika inavumilia, vitenzi vitano vya Kifaransa vinavumilia. Na hapo ndipo simu inapotushinda. Video zake ni fupi, zinaingia kwenye kipande chochote cha muda, lakini hakuna iliyo ya mwisho. Unatoka humo umechoka na hukufanya kitu, ndiyo maana kiti chako kinakuchosha kuliko duka.

Mimi nilianza na kabati la faili kuukuu. Kifaransa changu cha ofisini sikukipata darasani, nilikipata kwenye barua za zamani za forodha, sentensi moja moja, kamusi pembeni. Katika kusoma huko nikagundua kwamba magari mengi yaliyowahi kukwama yalikuwa na tatizo lile lile: uzito ulioandikwa kwenye hati haukulingana na uzito wa kwenye mizani. Nikaandika orodha ya mambo ya kukagua kabla faili haijatoka, nikaibandika ukutani. Hakuna aliyeniagiza. Leo kila mgeni anayeajiriwa hapa anaanzia kwenye karatasi ile.

Lakini usisahau kwamba muda huo umelipiwa. Simu ya kazi ikilia, kalamu iweke chini. Kuna dereva amelala ndani ya gari pale Kasumbalesa, maji yake yamekwisha, anangoja wewe umtumie namba moja tu. Kitabu chochote kinachomchelewesha mtu huyo hakistahili kusomwa saa za kazi.

Ukishayamaliza ya kazi, andika. Usicheke. Shaaban Robert alikuwa mtu wa forodha kama mimi: karani tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali. Sisemi aliandika kwenye meza ya mkoloni. Nasema vitabu vyake vilitoka kwa mtu aliyekuwa na bosi na saa ya kuingia kazini. Wazungu nao wana wao: Einstein alipotoa nadharia yake ya uhusianifu mwaka 1905 alikuwa bado ofisa wa hataza mjini Bern.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa hapa hapa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Elisabethville, na kwa muda mrefu habari zake ziliandikwa na Wabelgiji na kampuni zao. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi wa Wazungu, akatoa kijitabu kilichopigwa taipu, kwa Kiswahili cha mjini hapa, kikiitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Ni historia ya mji tangu mwanzo wake, kama walivyoijua watu wa jikoni. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akakichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanaochunguza historia ya Katanga wanakitegemea.

Fikiria kazi ya boi. Sehemu yake moja ilikuwa kusimama mpaka aitwe. Bwana alidhani anangoja sahani, kumbe masikio yalikuwa yanafanya kazi. Anayelipwa kungoja anaona mengi ambayo mwenye shughuli hana nafasi ya kuyaona. Asipoyaandika yeye, yatabaki yale ya kwenye ripoti.

Ndiyo maana ile saa yangu ya jioni siku hizi nakaa na mlinzi wetu, mzee wa mtaa wa Katuba. Ofisi yetu ni nyumba ya enzi za ukoloni. «Hapa balikuwa banaikala bazungu,» anaanza, kisha ananionyesha kwa fimbo: pale palikuwa na mwembe, pale geti la zamani, na kile chumba cha uani tulichokifanya stoo ya faili ndicho walicholala maboi. Nayaandika kwenye daftari, na mashaka yangu pia nayaandika, kwa sababu mzee naye husahau.

Wewe andika ya ofisi yenu. Sahani ya wali inauzwaje hapo nje, mnajipangaje umeme ukikatika, nani anasalimiwa kwanza asubuhi na kwa nini. Daftari liwe lako, kalamu iwe yako, na siri za wateja uziache kwenye kompyuta ya ofisi. Aya moja kwa siku inatosha.

Msalimie mama yako, mwambie hela ya mabati nitaituma mwisho wa mwezi. Nawe nitumie ukurasa wako wa kwanza kabla ya Krismasi. Video usinitumie, sifungui.

Mjomba wako,
Lubumbashi