Nchi Isiyo Tupu

Msomaji, mwalimu naye hukosea, na kosa nitakalokusimulia ni langu mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nikifundisha habari za milima ya Himalaya. Nilichagua wilaya ya Lahaul na Spiti, iliyo katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Niliandika ubaoni kwamba eneo lake ni kilomita za mraba 13,841, na kwamba sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu 31,564. Wanafunzi wakagawanya, wakapata watu wawili na sehemu kidogo kwa kila kilomita ya mraba. Nami, kwa haraka ya kumaliza somo, nikaandika chini ya jibu hilo: “Nchi tupu.”

Kijana mmoja, mwana wa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, akalitazama jedwali lililokuwa mbele yake, akasimama, akauliza kwa adabu, “Mwalimu, sensa ya mwaka 2001 ilipata watu 33,224. Ikiwa nchi ni tupu, mbona watu wake wamepungua badala ya kuongezeka?”

Kengele ililia kabla sijajibu. Nilishukuru, kwa maana jibu sikuwa nalo. Usiku ule nilifungua ramani. Nakuomba nawe uifungue, tuitazame pamoja.

Kusini mwa wilaya hiyo pana safu ya milima iitwayo Pir Panjal. Upepo wa kusi, ambao tangu kale ulisukuma majahazi kutoka pwani yetu hata Bara Hindi, ndio uendao kuinyeshea India mvua. Ufikapo Pir Panjal hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa humwaga maji yake upande wa kusini. Ng’ambo ya pili hufika mkavu. Kwa sababu hiyo Spiti ni jangwa, ijapokuwa ni jangwa la baridi. Kijiji chake kimoja, Kibber, kiko kiasi cha mita 4,200 juu ya bahari. Kilele cha Mlima Kenya ni mita 5,199. Hebu fikiri, basi, juu ya mkulima apandaye shayiri mahali palipo juu kuliko misitu yote ya mlima wetu!

Utaniuliza, apata wapi maji? Mito ipo. Chandra na Bhaga huanza karibu na Baralacha, hutengana, kisha hukutana Tandi na kuwa mto mmoja, ambao mbele huitwa Chenab. Lakini mto hupita chini bondeni, na mashamba mengi yako juu yake. Hivyo wanakijiji huchimba mifereji ya kuleta maji ya theluji na barafu iyeyukayo huko juu zaidi. Mfereji unapokoma, shamba hukoma. Na shamba linapokoma, nyumba hukoma. Sehemu iliyobaki ni mawe, barafu na malisho haba.

Wazee wa Spiti waliijua hesabu hii kabla ya sensa. Kwa desturi yao shamba halikugawanywa, bali lilirithiwa lote na mwana wa kwanza. Wadogo zake wengi waliingia utawa katika nyumba za dini ya Buddha, kama ile ya Tabo, iliyoanzishwa mwaka 996. Walijua kwamba maji ya nyumba moja hayatoshi nyumba tatu.

Tena palikuwa na kifungo cha theluji. Njia ya Rohtang, iliyo juu mita 3,978, ilizibwa karibu nusu ya kila mwaka. Tarehe 3 Oktoba 2020 lilifunguliwa handaki la kilomita 9 kupita chini ya milima hiyo, na sasa Lahaul hufikiwa hata wakati wa baridi. Viazi vya mbegu na njegere hupata njia ya kwenda sokoni, na mgonjwa hupata njia ya kwenda hospitali. Hiyo ni neema kubwa. Walakini handaki halikuongeza hata shamba moja, na njia iletayo bidhaa ndiyo ipelekayo vijana kutafuta elimu na kazi kwingine.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya darasa nikakiri kosa langu. Nikawaambia, “Nchi ile si tupu. Imejaa kwa kadiri ya maji yake.”

Yule kijana akatabasamu. “Hata kwetu, Mwalimu,” akasema, “wazee huhesabu visima. Hawahesabu kilomita.”

Basi, msomaji, usiache kugawanya, kwa kuwa hesabu ni chombo chema. Lakini ukiisha kupata jibu, uliza ni sehemu gani ya nchi hiyo iwezayo kumlisha mtu, ndipo useme kama ni tupu au imejaa.