Toni Hazikupotea

Mwaka jana nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikamshitaki mtu ambaye sijawahi kumwona. Mada yangu ilikuwa toni za Kilingala, na mifano yangu niliitoa katika orodha ya maneno ambayo mkusanyaji mmoja ameiweka kwenye intaneti. Nilisema hivi: mtu huyu anaweka toni vizuri juu ya a, e, i, o na u, lakini akifika kwenye ɛ na ɔ anazisahau au anaziweka ovyo. Nikahitimisha kwamba kwenye irabu hizo mbili hakuwa anazisikia. Wenzangu waliandika. Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Sisi wa Kisangani tunaishi kati ya Kiswahili na Kilingala, kwa hiyo mfano wangu ulieleweka mara moja. Kwa Kilingala, moto bila toni ya juu ni mtu. Motó ni kichwa. Mɔ́tɔ ndiyo moto wenyewe, huu tunaopikia. Anayepuuza alama hizo, nilisema, anaweza kumwasha mtu akidhani anawasha jiko. Watu walicheka, nami nikaona nimeshinda.

Baada ya kipindi, yaya mmoja wa mwaka wa mwisho aliniita pembeni. Alikuwa amefungua orodha ileile kwenye simu yake. "Mudogo yangu, angalia," alisema. Kila ɛ na kila ɔ iliyostahili toni ilikuwa nayo, mahali pake. Nikafungua kompyuta yangu. Kwenye mɔ́tɔ, alama ilikuwa imesogea kulia, imejibandika juu ya t. Kwenye lɛlɔ́, yaani leo, ilikuwa imeangukia nje ya neno, kama alama ya nukuu iliyosahauliwa. Kwa maandishi madogo namna ile, sikuwahi kudhani kwamba ni toni.

Usiku ule nilitafuta sababu, nikaipata. Katika Yunikodi, ó ni herufi moja yenye namba yake, U+00F3, maana Kihispania na lugha nyingine za Ulaya zinaitumia. Lakini ɔ yenye toni haina namba yake. Huandikwa kwa namba mbili: U+0254 ya ɔ, halafu U+0301 ya alama. Kuipandisha alama hiyo juu ya herufi iliyoitangulia ni kazi ya fonti, na fonti isiyoandaliwa kwa kazi hiyo huiacha ielee popote. Fonti isiyo na ɔ kabisa hukilazimisha kivinjari kuazima herufi kutoka fonti nyingine. Ndiyo maana mara nyingine ɔ huonekana nene kuliko jirani zake, au panatokea kisanduku kitupu. Wanaisimu wa Zaire walikubaliana kuandika Kilingala kwa ɛ na ɔ mwaka 1976. Kompyuta yangu ilikuwa bado haijapata habari.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko aibu. Nilipakua Charis SIL, fonti ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha zenye herufi kama zetu. Doulos SIL na Andika nazo zinafaa. Kisha nikaingia katika mipangilio ya Firefox, kwenye sehemu ya lugha na mwonekano, nikafungua chaguo za ziada za fonti na kufanya mambo matatu. Nilichagua Charis SIL kwa maandishi ya Kilatini. Niliweka 18 kuwa ukubwa wa chini wa herufi, ili ukurasa wowote usiniletee tena maandishi ya kukodolea macho. Na niliondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kurasa kutumia fonti zao zenyewe. Bila hili la tatu, kurasa nyingi zitaipuuza fonti uliyochagua. Kuna hasara yake: tovuti nyingine huchora vitufe vyake kwa fonti, na vitufe hivyo huweza kuharibika. Nikikwama kwenye fomu, narudisha alama ile, namaliza, naiondoa tena. Anayetaka tu kukuza maandishi kwa muda, Ctrl na + zinatosha, na Ctrl na 0 hurudisha hali ya kawaida.

Kipindi kilichofuata niliomba dakika tano. Nilionyesha ukurasa uleule mara mbili, kwa fonti ya kwanza na kwa ile mpya, nikasema kwamba mkusanyaji alisikia vizuri. Mimi ndiye sikuona. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Na maneno uliyokwisha kunakili?"

Yalikuwa zaidi ya mia mbili. Kama ningeyanakili kwa kompyuta, toni zingekuja nayo, maana kwenye ukurasa zilikuwamo siku zote. Lakini niliyanakili kwa kalamu, kama nilivyoyaona, na daftari halina mipangilio ya kubadilisha. Ilinibidi niyarudie moja baada ya jingine, kwa wiki mbili.

Wengi wetu katika kitivo hiki tunasoma lugha zetu kwenye kompyuta za mitumba zenye fonti zilizochaguliwa na wengine. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaandika katika kazi yako kwamba fulani hakuweka toni, lifungue neno lake kwenye kompyuta ya jirani yako. Kama hana Charis SIL, niko nayo kwenye flashi. Njoo uchukue.