Saa Huanza Kuhesabu Wapi?



Tafakari ya juma hili imetokana na swali la kijana mmoja wa kwaya. Alitazama mbio za magari za Formula 1 kwenye banda la video hapa Kabwe, akamwona dereva aliyekuwa akiongoza akiingia kwa mafundi kubadilishiwa matairi. Kioo kikaandika sekunde 2.3. Dereva yule aliporudi barabarani alikuwa amekwisha kupitwa na magari manne. “Padre,” akaniuliza, “sekunde mbili zinatosha magari manne kupita?” Wenzake walikwisha kuamua kwamba televisheni inadanganya. Haidanganyi. Ila inasema sehemu moja tu ya ukweli, na kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayosisimua zaidi, ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa.

Namba ile hupima jambo moja: muda ambao gari limesimama kabisa. Saa huanza magurudumu yanapotulia mbele ya mafundi, nayo hukoma yanapoanza kuzunguka tena. Katikati hapo, watu wapatao ishirini hufanya kazi kana kwamba ni mwili mmoja. Kuna wa jeki ya mbele na wa jeki ya nyuma, na kila gurudumu lina watu watatu: mmoja wa kulegeza na kukaza nati, mmoja wa kutoa gurudumu lililochakaa, mmoja wa kuweka jipya. Mwaka 2023, huko Qatar, timu ya McLaren ilimhudumia Lando Norris kwa sekunde 1.80, ikaivunja rekodi ya Red Bull ya sekunde 1.82 iliyowekwa Brazili mwaka 2019. Ukipiga chafya umekosa kuona.

Lakini gari halishuki kutoka mbinguni likatua mbele ya mafundi. Lina njia yake ya pembeni, yenye mstari wa kuingilia na mstari wa kutokea, na katika viwanja vingi dereva haruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa ndani ya njia hiyo. Chini ya lami, kwenye mistari hiyo, hupita nyaya zinazopokea ishara ya kifaa kidogo kilichofungwa katika kila gari. Hiyo ndiyo saa ya pili, ya mstari hadi mstari. Tuchukue kalamu. Tuseme njia ina urefu wa mita 400. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, mita hizo ni sekunde 18. Ongeza mbili za kusimama, umefika 20, na bado hatujahesabu muda wa kufunga breki na wa kuondoka tena.

Ipo saa ya tatu. Mpinzani ambaye hakuingia kwa mafundi anapita mita hizohizo 400 kwa kilometa 280 kwa saa, yaani kwa sekunde tano na kidogo. Tofauti kati yao, sekunde kama 15, ndiyo hasara halisi ya dereva wetu, na ndizo sekunde walizozitumia magari manne. Hasara hiyo hupatikana kwa kutoa, nawe huwezi kuijua kamwe kwa kumtazama aliyesimama peke yake. Ni lazima umtazame na yule ambaye hakusimama.

Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na namna yetu ya kupima, nami nakiri kwamba naipenda zaidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, kwa miaka mingi, yalifanyika wakati wa Pasaka, jambo ambalo yamkini halikuwafurahisha mapadre waliokuwa kandokando ya njia zile. Dereva alipewa muda wa kwenda kutoka kituo hadi kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa adhabu. Springi ikivunjika porini na mafundi wakaitengeneza chini ya mti, hakuna aliyeandika kazi hiyo ilichukua dakika ngapi. Tope, mto uliofurika, mifugo barabarani, fundi mzembe, vyote viliingia katika hesabu ileile. Karani wa kituo aliuliza tu umefika saa ngapi.

Hata hivyo, kila kipimo kina upofu wake. Mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, baada ya maelfu ya kilometa. Ushindi akapewa Mehta, kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Siku hizi, tangu Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, mafundi wa Naivasha nao wanapimwa: jioni wana dakika 45, na kila dakika ya kuchelewa kufika kituo cha ukaguzi humgharimu dereva sekunde 10.

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, mna kusimama kwa namna hii. Yesu yuko njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake yu mahututi, na katika msongamano anasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa damu. Kusimama kwenyewe yawezekana kulikuwa kwa muda mfupi tu. Lakini Marko anaianza saa ya mwanamke yule miaka kumi na miwili nyuma, anahesabu waganga na mali iliyokwisha. Kisha, Yesu akiwa bado anasema naye, watu wanafika na habari kwamba binti amekufa. Tukio ni moja, nazo saa ni tatu. Kila ninapolihubiri ninamwonea huruma Yairo, aliyesimama pale kimya.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama mmoja aliyefariki kwa uzazi. Palipoulizwa maswali, jibu lilikuwa kwamba alipofika alihudumiwa ndani ya dakika kumi. Naamini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wauguzi walifanya haraka, na dakika zao kumi ziliandikwa. Lakini uchungu ulimwanza jioni ya siku iliyotangulia, katika kambi ya wavuvi. Nyumbani walisubiri mume arudi ziwani ndipo waamue. Boti ilisubiri petroli. Gari la kupandisha mlima kuelekea Namanyere lilipatikana jua likiwa limekwisha kuchomoza. Saa hizo zote hazimo katika karatasi yoyote, na ukizisoma zile dakika kumi peke yake utadhani hakuna kilichochelewa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba ucheleweshaji unaowaua akina mama wajawazito una sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sehemu ya tatu ndiyo iliyo rahisi kupimwa, maana hapo kuna saa ukutani na mtu mwenye kalamu. Mbili za kwanza hutokea gizani, ufukweni. Na ukubwa wake hauonekani mpaka umweke mama yule karibu na mwenzake wa Sumbawanga mjini, aliyepanda bodaboda akafika hospitali kabla uchungu haujakolea.

Kwa sababu hiyo, kuanzia Jumapili ijayo kila kigango kitapewa daftari moja, litakalotunzwa na katibu wa akina mama. Lina safu nne: uchungu ulianza lini, iliamuliwa lini kuondoka, chombo kilipatikana lini, na mgonjwa alifika lini. Halmashauri ya parokia italipeleka kwa wanaohusika na afya kila baada ya miezi mitatu, bila majina ya wagonjwa. Asiye na saa aandike kwa namna anayoijua: jogoo wa kwanza, karabai zilipowashwa ziwani, watoto walipokwenda shule. Tutazigeuza kuwa saa sisi wenyewe. Safu ya kwanza isiachwe wazi.