Simba na kona za Lushoto

Ukitaka kumjua mbwa wako vizuri, mpandishe gari mwende naye Lushoto. Kutoka Dar hadi Mombo hakuna taabu, mnapiga stori huku mnamenya machungwa ya Segera. Ukishakata kona Mombo ndipo kazi inapoanza: kilomita kama 33 za kupanda Usambara, mlima huku, bonde kule, kona juu ya kona.

Kaka yangu alikuwa anahamia huko kikazi, nami nikakaa siti ya nyuma na Simba, mbwa wake. Jina kubwa, lakini alianza kutetemeka pale pale Dar, mlango umefunguliwa tu, injini haijawashwa. Huo ni woga, msomaji. Mbwa anayepanda gari kwenda kudungwa sindano tu, akiona gari anaona sindano.

Kwenye kona likaja la pili. Simba akapiga miayo, akalamba pua, akahema, udenda ukachuruzika kama bomba bovu. Kaka akafoka: "Tukifika Soni namgawa huyu!"

"Kaka, siyo ukorofi, kichefuchefu hicho," nikamwambia.

Sikio la ndani ndilo linaloupa mwili mizani. Linasema tunayumba, macho yanaona siti imetulia. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linaumia. Hata wewe basini yanakukuta, ila wewe unamwomba konda mfuko. Mbwa hana mdomo wa kusema.

Soni tukasimama. Maji kidogo, matembezi kidogo. Simba akagoma kurudi garini. Hatukumvuta. Tukaweka kipande cha maini kwenye siti, tukasubiri, akaingia mwenyewe. Kaka akaendesha kama amebeba mayai, na habari ya kumgawa ikaishia hapo.

Wewe mwenye mbwa mjini, usingoje siku ya safari. Anza na gari lililozimwa, ale kitu kitamu humo. Kesho zungukeni mtaa mmoja. Keshokutwa mpeleke Coco Beach akacheze, ajue gari siyo sindano tu. Siku ya safari ndefu, usimshibishe saa chache kabla ya kuondoka. Kioo kiwe wazi kidogo, kichwa kisitoke nje. Na usimwache kwenye gari lililofungwa juani hata dakika chache, joto litamuua. Akizidi kutapika, mwone daktari wa mifugo. Dawa zako usimpe.