Kijana wa Monduli na Maji ya Ihelele

Vita vya Kagera vilinikuta Pasiansi, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Barabara ya uwanja wa ndege inapita palepale kwetu, kwa hiyo tuliviona vikipita kabla hatujavielewa: malori ya jeshi mchana na usiku, na ndege za kivita zikitetemesha mabati. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza Novemba 2, 1978 kwamba tutampiga Idi Amin wa Uganda. Balozi wa nyumba kumi akapita kuhimiza kila kaya ichimbe handaki. La kwetu lilichimbwa chini ya mwembe. Mvua zikalijaza, bata wakalihamia, na mama akaapa kwamba heri afe kwa bomu kuliko kwa kichocho.

Machi 1979 bomu likaja kweli. Gaddafi wa Libya alimtumia Amin ndege aina ya Tupolev, ikalenga maghala ya mafuta ya Mwanza, ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Sisi tulio jirani na chuo cha wanyamapori tulitaniana muda mrefu kuhusu mashujaa wale wa miguu minne.

Kaka yangu alikwenda mbele na mgambo. Katika maelfu waliokwenda alikuwemo pia kijana wa Monduli wa miaka 25, Edward Lowassa, aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1977 akiwa amesomea sanaa za maonyesho. Wakati ule nani angemjua? Kaka hakuwahi kumwona, na kwenye kampeni za mwaka 2015 alicheka sana watu walipoibuka vijiweni wakidai walilala naye handaki moja.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tulimjua kwa maji. Dada yangu ameolewa Kahama, na miaka ile maji yake yalikuwa ya lambo, ng'ombe wakinywa upande huu na watu wakichota upande ule. Ziwa Victoria lilikuwa mlangoni petu, lakini mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka Cairo ikubali kwanza kabla ya kazi yoyote kubwa ya kuyachota maji hayo. Mwalimu alikwisha kuukataa siku nyingi, ila kukataa kwa maneno hakujazi ndoo. Lowassa, akiwa Waziri wa Maji chini ya Rais Mkapa, ndiye aliyesimama kidete mabomba yatandazwe kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, kwa fedha za Serikali yenyewe. Mradi ukaanza 2004 huku Misri ikinung'unika. Kwangu mimi, ujasiri huo unazidi bunduki aliyobeba Kagera. Bunduki alipewa na amri, hili alilianzisha.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Waziri Mkuu Desemba 2005. Februari 2008 akajiuzulu kwa sakata la umeme wa Richmond, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe. Rais Kikwete alipozindua mradi wa maji mwaka 2009, aliyeupigania alikuwa mbunge wa Monduli tu.

Mwaka 2015 akahama CCM, akagombea urais kwa CHADEMA na muungano wa vyama vya upinzani, UKAWA, dhidi ya John Magufuli wa Chato, mtoto wa ziwa hili hili. Nyumba yetu iligawanyika. Vijana walimkebehi Lowassa kwamba hakuwa mwanajeshi wa kweli, kaka akawakatiza: "Aliyevaa gwanda mwaka ule msimuulize alipiga risasi ngapi." Kisha kura akampa Magufuli, na hakuona ajabu yoyote. Lowassa alipata karibu asilimia 40. Machi 2019 aliporejea CCM, kaka huyo huyo alikasirika kuliko wana-CHADEMA wote wa Pasiansi, akisema askari hajisalimishi vita vikiwa vimekwisha.

Lowassa alifariki Februari 10, 2024. Nilimpigia dada simu Kahama. Alikwisha kusikia redioni. Akasema alikuwa mtu mzuri, Mungu amlaze pema, kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi nakaa karibu na ziwa, kama najua kwa nini bili yake ya maji imepanda.