Jalada Lilichanikia Zombo

Kwetu Zombo ukiaga kwamba unakwenda Ulaya, mtu atakuuliza kama umepata bodaboda au unatembea. Ulaya ni kata jirani, hukohuko njia ya Kilosa na Mikumi, ina mashamba yake ya mahindi na ufuta na watu wake tunaooana nao. Kwa hiyo niliposafiri kuja Marekani, shangazi yangu aliitangazia mashine ya kusaga kwamba mtoto amekwenda "Ulaya ile nyingine". Miaka tisa sasa niko Minnesota, jimbo la baridi kali na maziwa mengi, na kazi yangu ni kutunza wazee. Huko kazini ndiko nilikokutana upya na riwaya za mapenzi, nilizodhani nimeziacha kwenye mkeka wa kusukia nywele wa shangazi.

Kila Jumatano kigari cha vitabu hupita kwenye vyumba vya wazee. Vitabu vina maandishi makubwa, na vingi kati yake ni vya mapenzi ya watu wenye dini: kuna kupendana, kuna sala, kuna majaribu, na mlango wa chumba cha kulala hufungwa kabla msomaji hajaingia. Bibi mmoja wa miaka 80 na kitu, ninayemsaidia kuoga na kuvaa, hakuwahi hata siku moja kuulizia kitabu kwa jina lake. Aliulizia mtu. "Kuna Oke yeyote leo?" Kama anaulizia samaki.

Oke ndiye Janette Oke, mwanamke wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1935. Mwaka 1979 alitoa Love Comes Softly, na wachapaji wake, Bethany House, walikuwa hapahapa Minnesota. Waliokuja baada yake ni wengi, hata Harlequin, kampuni iliyoinunua Mills & Boon ya Uingereza mwaka 1971 na kujulikana kwa mapenzi ya moto zaidi, mwaka 1997 ikaanzisha mfululizo wa mapenzi ya kidini unaoitwa Love Inspired. Siku hizi ukiingia maktaba za huku utakuta hata kibandiko kwenye mgongo wa kitabu kinachokuambia kitabu hicho ni cha kabila gani. Mkutubi hakuulizi unataka nini. Anakuuliza cha mwisho ulichokipenda ni kipi, kisha anakutajia watunzi watatu wanaofanana na huyo. Ng'ambo ya mto St. Croix, katika mji wa Hudson, Wisconsin, bwana mmoja aitwaye Todd Bol alitengeneza mwaka 2009 kijumba cha vitabu mfano wa shule ya chumba kimoja, akakisimika mbele ya nyumba yake kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Chukua kitabu, acha kitabu. Leo vijumba hivyo vimetapakaa mitaani kwetu, na mimi hupita hapo nikitoka zamu ya usiku, nachungulia kama jirani anayechungulia chungu cha mwenzake.

Kilichonishangaza lakini si wingi wa vitabu. Mwaka wangu wa pili huku nilialikwa kwenye kikao cha wanawake wasomaji, katika chumba cha chini cha kanisa, kahawa na keki mezani. Kila mmoja alikuja kupendekeza kitabu kimoja. Wa kwanza akasimama, akataja mtunzi, akataja ni kitabu cha ngapi katika mfululizo, akasema alilia, akakaa. Nikasubiri. Wa pili vilevile. Nikamwuliza aliyekaa karibu nami: sasa huyo binti aliolewa au hakuolewa? Meza nzima ikapiga kelele kunizuia. Kumbe kusimulia mwisho ni kosa kubwa, karibu na wizi. Kumpendekezea mtu kitabu huku ni kumpa jina la mtunzi na kumnyima hadithi.

Kwetu ni kinyume kabisa. Shangazi alikuwa msusi, na msuko wa kulala unachukua mchana mzima. Hapo ndipo kitabu kilipopendekezwa, maana yake kilisimuliwa chote, kuanzia salamu hadi harusi, na aliyetaka kwenda zake katikati alizuiwa na nywele zake mwenyewe. Kilichokuwa mikononi mwa shangazi kilikuwa kitabu kimoja kisicho na jalada, kurasa za mwanzo hazipo, za mwisho hazipo, kimefungwa kwa mpira wa kukatia manati. Hakuna aliyejua kimeandikwa na nani, na sikumbuki mtu akiuliza. Tulikiita "kile cha Yasmini". Binti wa Kihindi wa Unguja, ameozwa kwa mzee, anatoroka, anampenda kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni. Shangazi alisoma kurasa zilizokuwepo kwa sauti, na zilipokwisha alifunga kitabu na kuendelea bila kuvuta pumzi. Yule kijana alifunguliwa. Walikutana bandarini. Kulikuwa na ndoa, na pilau, na yule mzee wa kwanza aliomba msamaha. Wasukwaji walifuta machozi.

Nilipoingia kidato cha tano mwalimu alitugawia vitabu vya fasihi, vitatu kwa darasa zima, na nilipofungua kimoja nikamkuta Yasmin. Kitabu kilikuwa na jalada: Vuta n'kuvute, Adam Shafi, Mkuki na Nyota, 1999. Nilikisoma usiku huo kwa kibatari cha mwenzangu hadi mwisho, na mwisho nikakosa pilau. Denge na Yasmin hawapewi harusi ile. Likizo nilimfikishia shangazi habari hiyo kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. Alinisikiliza, akaendelea kupepeta mchele, halafu akasema, "Basi huyo mtunzi wako alikosea."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi nikiwa kwenye kigari cha Jumatano. Wamarekani wana kiwanda kizima cha kuandika mapenzi ya kutia moyo, na shangazi alikuwa kiwanda cha mtu mmoja: alichukua riwaya ya siasa na mapenzi, akaigeuza ya imani kwa mdomo wake, kwa sababu aliwajua waliokaa mbele yake. Mmoja alikuwa ameachwa na mtoto mgongoni. Mwingine alikuwa anangoja mahari isiyofika. Yeye alipima nani anahitaji mwisho upi. Mkutubi wa huku, na adabu zake zote, hawezi kumbadilishia mtu mwisho.

Ila nisijifanye kwamba sisi ndio tuliopatia. Jalada lilipochanika, Adam Shafi alitoka nalo. Laiti mtu mmoja Zombo angelijua jina lile, tungeuliza kama ameandika kingine, na jibu lilikuwepo: Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli vilikuwa vimetoka tangu miaka ya 1970, Haini ikaja 2003. Tungevipata wapi ni swali lingine. Maduka ya Kilosa mjini niliyoyajua mimi yaliuza daftari, kalamu na vitabu vya mitihani. Lakini hata kuuliza hatukuuliza. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kupendwa wilaya nzima asipate hata salamu, achilia mbali shilingi.

Walioelewa jambo hili mapema ni watu wa magazeti pendwa. Gazeti lilishuka Mikumi kwa mabasi ya Iringa na Mbeya, likafika kwetu siku mbili tatu baadaye likiwa limefungia vitumbua, na ndani yake mlikuwa na hadithi ya Eric Shigongo inayoishia kwenye neno lile la kutesa: itaendelea. Shigongo ndiye mtunzi wa kwanza ambaye shangazi alimtaja kwa jina, kwa sababu jina na picha vilikuwepo kila wiki. Gazeti halina jalada la kuchanika. Baadaye Shigongo alichaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa, lakini ukimtaja kwenye mkeka ule watakuambia habari za Rais Anampenda Mke Wangu. Wiki ambayo gazeti halikufika, shangazi aliitunga mwenyewe sehemu iliyokosekana. Gazeti lililofuata likija na mambo tofauti, alisema Shigongo amebadili mawazo.

Kuna jambo lingine linalonichekesha. Wazee wangu wa Minnesota wanataka riwaya "safi", na usafi huo unalindwa na mchapaji: ukinunua mfululizo fulani unajua hutashtushwa. Sisi tulilindwa na godoro. Kitabu ambacho shangazi hakutaka tukione alikilalia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni, ilikuwa chini ya godoro lile, na bila shaka mnajua kilichofuata. Kwa vipimo vya kigari cha Jumatano, Rosa asingekaa rafuni hata saa moja. Lakini kwa wasichana wa rika langu ni yeye aliyetuonya zaidi kuliko mahubiri, na mimi kitabu kinachomwokoa msichana mmoja siwezi kukiita kichafu. Hapo nakubaliana na swali la walimu wetu, lile la kuchosha, "riwaya hii ina funzo gani?", kuliko kibandiko cha mgongoni.

Sasa nije kwenye simu, maana ndiko mkeka ulikohamia. Watunzi wengi wa Kitanzania leo hutoa simulizi kwa sehemu kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure, halafu unapofika pale mchumba ameingia na cheti cha ndoa ya mtu mwingine, inakatwa, na chini kuna namba: tuma kwa M-Pesa uendelee. Wasomaji wanalalamika wameachwa na arosto, na wanalipa. Bibi yangu wa Minnesota hajawahi kuongea na Janette Oke. Binamu yangu Kilosa amewahi kumpigia mtunzi usiku kumwomba asimuue mhusika. Waandishi wenyewe wamejikusanya pia, kama UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya ambamo yumo Hussein Tuwa, mtunzi wa Mfadhili, riwaya ya mapenzi inayosomwa kidato cha tano na sita. Ungedhani jina la mtunzi sasa limesalimika. Halafu mtu ananakili sehemu zote, anafuta jina na namba, anazirusha kundi la pili, na huko kuna dada anazisoma kwa sauti yake YouTube huku watu wakisuka. Jalada limechanika tena, safari hii kwa kidole gumba. Nikitumiwa hadithi ya namna hiyo huwa nauliza kwanza ni ya nani, na kwenye kundi la ukoo wameshaniita mtu wa ushuru.

Mwaka jana bibi yangu wa Jumatano alinigeuzia kibao. Amenipa majina kumi na mawili ya watunzi, akasema, mimi nimempa mangapi ya kwetu? Nikaona haya. Nilimtajia Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, lakini yeye alitaka mapenzi, na alitaka mwanamke. Nikakumbuka Parched Earth ya Elieshi Lema, iliyochapwa Dar es Salaam na E&D mwaka 2001 na kuandikwa kwa Kiingereza, jalada lake likitamka wazi kuwa ni hadithi ya mapenzi. Maktaba iliiagiza kutoka chuo kikuu, ikaja baada ya majuma matatu. Maandishi yake ni madogo, kwa hiyo nilimsomea mimi, dakika kumi kumi kabla ya chakula cha jioni. Alipotaka kulala alinyanyua mkono niishie hapo. "Huyu hanibembelezi," alisema siku ya tatu. Siku ya nne akaniuliza huyo Lema ameandika vingine vingapi, na akataka jina lake liandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kitanda, chini ya Oke.

Nami nililipa deni upande wa pili. Nilimpigia shangazi, shikamoo, marahaba, habari za Ulaya ile nyingine, kisha nikamtumia Love Comes Softly kwa sauti, vipande kumi na saba vya WhatsApp. Mjane kijana, amemzika mume ugenini, siku ileile ya mazishi anajiwa na mgane mwenye mtoto mdogo: nikuoe kwa jina tu, umlee mwanangu, masika ikifika ukitaka kurudi kwenu nitakulipia nauli. Nilitaja jina la mtunzi mwanzo, katikati na mwisho. Nilimwambia kabisa, shangazi, usimsahau Janette.

Wiki iliyofuata binamu alinirekodia mkekani bila shangazi kujua. Theluji ilikuwa imekuwa mafuriko ya mto Mkondoa. Gari la farasi lilikuwa behewa la treni ya Kidatu. Yule mgane alikuwa "bwana mmoja wa Ulaya, mcha Mungu, ana ng'ombe", na nikasikia sauti ya mwanamke ikidakia: Ulaya hii hapa, ukoo gani? Shangazi akasema ukoo usiwasumbue. Jina la Janette halikusikika hata mara moja. Nilimpigia nikiwa nimekasirika kidogo.

"Nimewaambia ni hadithi ya mtoto wetu," alisema. "Hujapenda?"

Nikamweleza tena kuhusu mwenye kitabu, na kwamba ameandika mfululizo, viko vinane, vyote vya familia ileile.

Kimya kidogo upande wa pili. Nilisikia kuku.

"Vinane?" alisema shangazi. "Basi anza kutuma leo. Kesho nina watu watatu wa kusuka."