Kiinua Mgongo na Muuza Magari

Hapa Kalangalala, habari kwamba mtumishi fulani amestaafu huenea kabla kiinua mgongo chake hakijaingia benki. Na aghalabu wa kwanza kubisha hodi si ndugu wa ukoo, bali ni dalali wa magari. Hutoa salamu ndefu, hukuita "mzee wangu", kisha hukuarifu kwamba ipo Noah iliyotoka Japani juzi tu, na kwamba yuko mchimbaji wa Nyarugusu anayeitaka jioni hii hii.

Mchimbaji huyo nimemsikia mara nyingi mno. Sijapata kumwona.

Mwalimu mwenzangu, aliyesomesha hisabati miaka zaidi ya 30, alilipa siku ile ile, fedha taslimu. Gari lilikuwa zuri kwelikweli. Kadi aliyopewa ilikuwa nakala. Kadi yenyewe, aliambiwa, ingefika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Haikufika, kwa kuwa ilikuwa imewekwa dhamana ya mkopo, na mwenye mkopo hakuwa yule aliyepokea fedha. Kwa kawaida sheria yetu ya mauzo ya bidhaa haimruhusu mtu kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana. Gari lilichukuliwa, simu ya dalali ikawa haipatikani, na mwenzangu akarudia baiskeli.

Watu walisema angepeleka fundi akague injini. Sikubaliani nao hata kidogo. Injini haikuwa na kasoro! Aliyestahili kukaguliwa ni muuzaji.

Kwa hiyo mwanangu alipotaka gari la kuwatembeza wanawe, tulikwenda Mwanza kutazama wauzaji kwanza, magari baadaye. Katika yadi ya kwanza tuliomba kuiona kadi halisi na kuilinganisha na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari. Mwenye yadi akakunja uso: "Mwalimu, huniamini?" Swali hilo lilinitosha. Tuliaga kwa adabu.

Wa pili alikuwa mtu wa maneno machache. Alileta kadi yenye jina lake, akatuonyesha karatasi ya mnada wa Japani iliyoandikwa kilometa za gari, tukazilinganisha na zile za kwenye dashibodi, maana hizo hurudishwa nyuma. Tulipotaja fundi wetu, alitupa ufunguo. Akakubali pia kwamba sehemu ya fedha ibaki mikononi mwetu mpaka umiliki uhamishwe TRA. Nilipouliza majirani zake wa pale mtaani, waliniambia yuko hapo miaka mingi, na kwamba wateja wenye malalamiko humkuta mahali pale pale.

Bei yake ilizidi ile ya kwanza kwa shilingi 800,000. Siku hizo tulikuwa bado tunavuka kwa kivuko, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, na mwanangu alinung'unikia hizo laki nane tangu tunapanda kivuko mpaka tunashuka Busisi. Nilimwacha anung'unike.